Jenerali Aliyezaliwa Mara Mbili

Nchi yetu inapenda kiongozi aliyetoka chini. Asipotoka chini, chini hutafutwa akapelekewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Jenerali Mwinyikondo, na mimi nayajua mambo yake kwa kuwa nilikuwa mpiga mbiu wa serikali. Kazi yangu ilikuwa kupuliza pembe, na watu wakishanyamaza niwatangazie mambo waliyokwisha kuyakubali. Sijapata kusema uongo katika kazi hiyo. Kila nililoambiwa kuwa ni kweli, lilikuwa kweli mara tu nilipomaliza kulitangaza.

Mara ya kwanza Jenerali alizaliwa katika nyumba ya ghorofa yenye nguzo za mawe meupe, katikati ya shamba la baba yake. Shamba lenyewe lilikuwa kubwa hata mtu akipanda farasi asubuhi aliufikia mpaka wake jua likizama, na njia nzima akiamkiwa na watumwa. Baba alitaka kijana awe tabibu. Kijana akasomea utabibu mpaka siku aliyoonyeshwa damu. Siku hiyo alitapika ndani ya kofia ya mwalimu wake, akafuta mdomo, akatangaza kwamba moyo wake uko jeshini. Baba akamnunulia ukapteni. Mwaka uliofuata mvua zilizidi, bei ya vyeo ikashuka, akamnunulia na umeja.

Tumbo lake lilibaki dhaifu maisha yake yote. Vitabu vya shule havilitaji tumbo hilo, ingawa ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko kiungo chake kingine chochote.

Alipokuwa mtu mzima akateuliwa kuwa Liwali wa Bonde la Mtandi. Udongo wa huko ni mweusi, unashika jembe kama samli. Wamtandi walikuwa wakilima mahindi na maboga, wakifuga nyuki, na hawakuwa na mfalme. Jambo hilo liliisumbua sana serikali, maana watu wasio na mfalme huwezi kuwanyang'anya kitu kwa heshima.

Jenerali alilimaliza tatizo hilo kwa siku moja. Asubuhi alimkamata mkata kuni aliyekuwa akipita zake, akamvika joho jekundu, akamtawaza kuwa Sultani wa Wamtandi Wote. Mchana Sultani alinyweshwa gongo mpaka akawa anamwita farasi wa Jenerali "mjomba", kisha akashikwa mkono, dole gumba likatiwa wino, na bonde likauzwa. Jioni akapinduliwa kwa kosa la ulevi. Mbiu zote tatu nilizipiga mimi. Ile ya jioni ndiyo iliyonigusa zaidi. Ilisema kwamba serikali haiwezi kumvumilia kiongozi anayewauza watu wake kwa ajili ya pombe.

Wamtandi waliposikia wameuza, wakasema hawajauza. Kwa ubishi huo vita vikaanza.

*

Tulifika kijijini kwao asubuhi yenye ukungu mzito. Vijana wa kijiji walikuwa ng'ambo ya mto arusini. Waliobaki ni wazee, wanawake na mbuzi. Jenerali aliligawa jeshi mafungu mawili, moja lipite mashariki, jingine magharibi, lakini kabla hajasema wakutane wapi tumbo lilimkata. Njiani tulikuwa tumepora mbuzi, tukamla nusu mbichi kwa haraka ya ushindi.

Alikimbilia nyumba ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa kibanda cha miti na udongo, cha mjane mmoja wa rika lake, mwanamke mwembamba mwenye viganja vigumu vya kushika jembe. Mimi nilimfuata, kwani mpiga mbiu haruhusiwi kuachana na Jenerali wakati wa vita.

"Mama, choo kiko wapi?" akauliza Jenerali, upanga mkononi.

"Nyuma ya nyumba, baba," akajibu mwanamke yule. "Lakini upanga uache hapa. Mle hamtoshi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mashauri ya kivita ya siku ile.

Akiwa kulekule, mafungu yetu mawili yalikutana ndani ya ukungu. Kila fungu likaliona jingine kuwa ni Wamtandi, yakapigana kwa ushujaa mkubwa. Nilisikia wanaume wakiita mama zao kwa lugha yetu pande zote mbili, na bado hakuna aliyeshtuka. Jenerali alipotoka, uso mweupe kama unga wa muhogo, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka.

"Tumeshinda?" akauliza, akijishikilia ukutani.

Kapteni mmoja, aliyekuwa na damu ya rafiki yake kwenye mikono ya koti, akasimama wima. "Hakuna adui aliyebaki amesimama, Mheshimiwa."

Alisema kweli tupu, maana hakuna aliyekuwa amekuja.

Mjane yule akampa Jenerali uji wa mtama wenye ndimu. Akanywa, akaongezwa, akapata nguvu za kuamuru kijiji kichomwe ili ushindi uonekane kutoka mbali. Nyumba zikachomwa, maghala ya mahindi yakachomwa, mizinga ya nyuki ikachomwa na nyuki wake. Mpaka leo harufu ile ya asali iliyoungua, ikichanganyika na manyoya ya mbuzi, haijanitoka puani. Mwanamke alisimama mlangoni na upawa wake, akalitazama ghala la dada yake likiporomoka.

"Usiogope, mama," Jenerali akamwambia. "Nyumba yako haimo."

"Na ya dada yangu?"

"Dada yako ni adui."

"Na mimi?"

"Wewe ni mpishi," akasema Jenerali, akamrudishia bakuli.

Wamtandi wakavushwa mto kwa mitutu ya bunduki, wakapelekwa Vilima vya Mawe, mahali ambapo hata mbigili huota kwa kuombewa. Bonde wakagawana maofisa, ambao hawakulima, wakaliacha likaota matete. Kibanda kile peke yake kikabaki, maana hakuna aliyethubutu kuigusa nyumba alimonywea uji Jenerali. Mjane mwenyewe akawa anaishi humo pekee, akilima kipande cha nyuma, na kila msimu akivuka mto kumpelekea dada yake Sikuzani maboga.

Nasi tuliporudi mjini tukakuta wimbo umekwisha tungwa. Ndani yake mlikuwa na farasi mweupe.

*

Miaka mingi ikapita, Jenerali akazeeka, akanenepa, akawa mtu wa kukaa barazani chini ya nguzo za baba yake akihesabiwa kuwa shujaa. Ndipo Chama cha Mwananchi Mwenyewe, ambacho wanachama wake wote walikuwa na mashamba, kikaona kimeshindwa uchaguzi mara nyingi mno kwa kutumia watu wenye akili. Katibu wake, Bwana Chambilecho, alikuja kumwona Jenerali. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kunukia marashi, asiye na neno lake mwenyewe hata moja.

"Mheshimiwa," akasema, akizitazama nguzo kwa huzuni, "chambilecho wazee, mnyonge hamwamini aliyeshiba. Wewe tunaweza kukuuza. Nguzo hizi hatuwezi. Wananchi wanataka mtu aliyezaliwa kibandani."

"Basi nijengeeni kibanda."

"Kipya kitanuka chokaa. Tunataka kilichokolea moshi. Tena kingekuwa cha huko Mtandi kwenye vita vyako, tungekuwa tumeua ndege wawili kwa jiwe moja."

Wakatumwa watu bondeni. Wakarudi na habari kwamba vibanda vyote viliteketezwa na mgombea mwenyewe, isipokuwa kimoja.

"Bahati iliyoje kwamba hukukichoma!" akasema Bwana Chambilecho.

"Nilikuwa ndani," akasema Jenerali.

Mimi nilipelekwa pamoja na Katibu ili nipulize pembe mjane atakapokubali. Tulimkuta anakoka moto. Bwana Chambilecho akakaa kwenye kigoda, akatandika leso kwanza.

"Jina lako nani, bibi?"

"Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Ndilo jina langu. Sijaona."

Bwana Chambilecho alinigeukia uso umemeremeta. "Shahidi bora kuliko huyu tutampata wapi?" Kisha akamweleza mambo yalivyo. Kuanzia siku ile Jenerali alikuwa amezaliwa katika kibanda hiki, na yeye Bi Sijaona ndiye aliyemnyonyesha.

"Jenerali na mimi ni rika moja," akasema Bi Sijaona.

"Hilo watalishughulikia wanahistoria."

"Na nikikataa?"

"Kibanda kitakwenda tu, bibi. Wewe ndiye utakayebaki."

Bi Sijaona akasukuma kuni ndani, akautazama moto mpaka ukashika vizuri. Mimi nilidhani ataomba nguo, au ng'ombe. "Ndugu zangu warudi bondeni," akasema. "Wajukuu wa dada yangu wanakula mizizi kule juu. Wawili tumekwisha kuwazika chini ya mawe, maana hata udongo wa kuzikia hakuna."

"Hilo tu?" Bwana Chambilecho alishusha pumzi ya mtu aliyeogopa bei kubwa. "Ahadi tunazo nyingi."

"Aseme mwenyewe. Mbele ya watu."

"Atasema, bibi, atasema."

Nikapuliza pembe.

*

Kibanda kiling'olewa kizima kizima na misingi yake, kikawekwa juu ya gari lenye magurudumu marefu kuliko mtu, likavutwa na safu ya maksai. Nyuma yake yalifuata mapipa ya pombe. Kila mpiga kura alipewa kibuyu chenye picha ya Jenerali, na kila kibuyu kilijazwa mara alizotaka mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyotembea nchi nzima. Mji tuliouacha ulijulikana kwa inzi. Wanaume walilala mitaroni na nyimbo zetu midomoni, matapishi yamewakaukia kifuani, na wake zao wakiwaburuta kwa miguu waliita, "Oyee Mwinyikondo!" ili wasinyimwe vibuyu vyao wenyewe.

Jenerali alikaa mlangoni mwa kibanda akiwa amevaa kanzu iliyoraruka. Kanzu hiyo aliirarua fundi maarufu wa mji mkuu. Mara ya kwanza mpasuko ulikaa vibaya, ikabidi irudishwe. Bi Sijaona alikaa nyuma yake, akisonga ugali ambao hakuna aliyekula. Bwana Chambilecho alikuwa amemkataza Jenerali kusema neno lolote juu ya jambo lolote, na Jenerali, kama askari, alitii.

Mahali pamoja muuza ndizi mmoja, mwanamke mwenye sauti ya sokoni, alisimama mbele kabisa. "Jenerali! Chumvi imepanda, mafuta yamepanda. Ukiingia utafanya nini?"

Jenerali akamtazama kwa huruma. Akainua mkono taratibu, akaonyesha paa la kibanda. Umati ukalipuka kwa shangwe.

"Amejibu nini?" yule mwanamke akamuuliza jirani yake.

"Mama wewe! Mtu aliyezaliwa mle ana haja ya kujibu?"

Kila jioni Bi Sijaona alimuuliza Katibu, "Leo atasema?" na kila jioni Katibu alijibu kwamba umati wa leo si mkubwa vya kutosha kwa ahadi kubwa namna ile. Mwishowe, katika mji wa Madaha, karibu na siku ya kura, mwanamke akaweka mwiko chini.

"Leo asiposema, nitashuka kwenye gari hili na kuwaambia watu yuko wapi mama yake wa kweli."

Bwana Chambilecho akapanda haraka, akamnong'oneza Jenerali. Jenerali akasimama. Watu wakashangaa, maana wengi walikuwa wamekwisha kuamini ni bubu kwa ajili ya jeraha la vita.

"Ndugu wananchi! Mama huyu mnayemwona amenilea kwa uji. Nami nasema hivi: nikiingia Ikulu, Wamtandi watarudi bondeni kwao. Hilo ni neno la askari!"

Watu wakarusha kofia juu, ingawa wengi wao hawakujua Wamtandi ni nani na baadhi walidhani ni aina ya kondoo. Bi Sijaona alishika mwimo wa mlango akalia. Kesho yake nilitangaza kwamba alilia kwa kuukumbuka utoto wa Jenerali. Yeye alimtuma mtu hadi Vilima vya Mawe na maneno mafupi: "Tieni majembe mipini." Na kule juu watu ambao hawakuwa na pa kulima wakachonga mipini.

*

Jenerali akashinda. Siku ya kuapishwa kulikuwa na baridi na mvua ya mawe. Wapinzani walikuwa wamemwita mzee, kwa hiyo alikataa koti, akakataa kofia, akakataa mwavuli, akasimama kwenye jukwaa kifua wazi kama chui wa sanamu. Sasa hakuna aliyeweza kumkataza kusema. Maneno aliyozuiwa kwa msimu mzima yalikuwa yamemjaa kama maji nyuma ya bwawa, na yote yakamtoka. Alianza na falme za kale, akaja kwenye maadili ya falme za kale, akaeleza namna kila mfalme wa kale alivyokufa. Mabalozi walijifunika mazulia. Farasi wa gwaride mmoja alianguka akafa, na hotuba ilikuwa bado haijafika kwa manabii.

Bi Sijaona alikuwa mbele pamoja na dada yake Sikuzani, mwanamke mzito kidogo, mkali wa macho, aliyeshuka vilimani kwa miguu ili alisikie neno lile kwa masikio yake. Nguo zilikuwa zimewagandia mwilini.

"Amesema?" aliuliza Sikuzani, meno yakigongana.

"Bado."

Mara moja Jenerali alitamka "bonde". Bi Sijaona alimshika dada yake mkono kwa nguvu. Lakini lilikuwa bonde la usahaulifu, ambamo falme za kale zimelala. Akaendelea mpaka mvua ikachoka kabla yake. Mtandi hakuutaja.

"Hakusahau," Bi Sijaona akasema wakirudi. "Alikuwa na mengi."

Sikuzani akatema mate. "Huyo hana kitu, ana mdomo tu."

Homa ikamshika Jenerali wiki ileile. Madaktari wakuu wa nchi wakamzunguka, kila mmoja na elimu yake. Wa kwanza alimtoa damu. Wa pili alimpa mafuta ya mbono afungue tumbo. Wa tatu alimpa dawa ya kasumba ya kulifunga. Wa pili, akiona amedharauliwa, akarudia mafuta. Kwa siku kadhaa tumbo lile tukufu liliamriwa kusonga mbele na kurudi nyuma kama jeshi lisilo na kamanda. Chumba cha Ikulu kilinuka hata walinzi wa mlangoni wakawa wanalinda kutoka bustanini, na mawaziri walioingia kumpa pole walitoka wakitapika kwa zamu kwenye vyungu vya maua.

Jenerali akaomba uji. Bi Sijaona akaitwa. Nami nilikuwepo, pembe kwapani, tayari kwa mbiu yoyote kati ya mbili.

Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu. Ninakiri nilimwonea Jenerali huruma. Shingo yake ilikuwa imenywea kama ya kuku.

"Mheshimiwa," Bi Sijaona akasema, "neno lako."

"Neno gani?"

"La bonde. Watu wangu wanangoja ukingoni mwa mto."

Jenerali akamtazama sana, macho yakalegea. "Mama," akasema, "siku niliyozaliwa, mvua ilikuwa ikinyesha?"

Bwana Chambilecho aliyekuwa dirishani, kitambaa puani, alimkonyeza Bi Sijaona akubali tu. Bi Sijaona aliweka bakuli chini.

"Hukuzaliwa kwangu, Jenerali. Ulikuja mtu mzima, na upanga. Nikakuonyesha choo, nikakupa uji, ukamchomea dada yangu nyumba. Sasa sema neno lako, watu warudi kwao."

Uso wa mgonjwa ukakunjamana. Akajiinua kwa viwiko, kwa nguvu ambazo madaktari walikuwa wameapa hana. "Mwondoeni mwanamke huyu!" akapiga kelele. "Anamtukana mama yangu!"

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Nilitangaza kwamba alikufa akimtetea mama yake, na nchi nzima ikalia.

*

Makamu wake akawa Rais. Mbiu yake ya kwanza ilisema kwamba ahadi zote za marehemu zimezikwa pamoja naye kwa heshima kamili za kijeshi. Kibanda kikarudishwa bondeni, kikazungushiwa ua na kuwekewa kikosi cha askari. Choo kikapakwa rangi nyeupe, kikaandikwa juu ya mlango: MAKAO MAKUU YA VITA. Watoto wa shule waliletwa kukiona, wakaimba. Bi Sijaona aliruhusiwa kuendelea kuishi mle kama sehemu ya historia, ila asipike ndani, kwa kuwa moshi unaiharibu historia. Akawa anapika nje, hata mvua ikinyesha, na wageni wakimwomba aweke uso wa uchungu.

Vilimani, njaa ilibaki palepale.

Uchaguzi mwingine ukakaribia. Rais mpya alikuwa mtoto wa mwenye meli, amezaliwa katika kitanda cha fedha huku matarumbeta yakilia. Bwana Chambilecho akaja bondeni na gari lilelile la magurudumu marefu, nami juu yake.

"Bi Sijaona," akasema, "tumepata mwingine wa kuzaliwa."

Bi Sijaona alikuwa akitwanga. Alinyanyuka, akawatazama askari wa uani, akalitazama bonde lililojaa matete. Nilitega sikio kusikia safari hii atataka nini.

"Chukueni," akasema.

Bwana Chambilecho akashangaa kidogo. "Hutaki ahadi yoyote?"

"Ahadi ninayo. Hawa askari nao mnawachukua?"

"Wanalinda kibanda, bibi. Kinakokwenda ndiko wanakokwenda."

"Vizuri. Kilindeni sana, mwanangu. Barabarani siku hizi kuna wezi."

Tukakipakia. Bi Sijaona alibaki amesimama kwenye uwanja mtupu na kinu chake. Gari lilipokuwa likipanda mlima niligeuka nyuma, nikaona watu wakivuka mto, maji kiunoni, majembe mabegani. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mzito kidogo. Bwana Chambilecho aliniuliza ninatazama nini. Nikamwambia ninatazama mandhari.

Msimu mzima wa kampeni hakuna kiongozi aliyejua. Wakubwa huenda Mtandi kuona kibanda, na kibanda hakikuwepo, basi Mtandi nao haukuwepo. Watu wakafyeka matete, wakachoma visiki, wakapanda mahindi.

Rais akashinda kwa vibuyu vingi kuliko mtangulizi wake. Tatizo likawa moja. Nyumba ya kuzaliwa alikuwa nayo, lakini hakuwa na vita, na wimbo wake ulikwama kwenye ubeti wa pili. Bwana Chambilecho, aliyekuwa amesikia kwamba bondeni kuna watu tena, akaniita ofisini, akaniambia jambo la kutangaza, akanisisitizia siku ya kulitangaza. Nikaondoka na farasi wangu.

Nilipofika bondeni mahindi yalikuwa yamebeba, ndevu zake zimeanza kukauka. Bi Sijaona na Sikuzani walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha matete wakipukusa maharage, na wanawake wengine wakiimba shambani. Nikaamkia. Wakanipa maji. Nikayanywa, nikapuliza pembe, watu wakasogea.

"Mheshimiwa Rais," nikatangaza, "amepata ushindi mkubwa dhidi ya waasi wa Bonde la Mtandi. Maadui wametawanyika, nyumba zao zimeteketea, maghala yao yamekuwa majivu. Mheshimiwa mwenyewe aliongoza mapigano akiwa juu ya farasi mweupe."

Sikuzani aliangalia huku na huku, akaangalia nyumba zilizosimama.

"Mzee Pembe, vita hivyo ni vya lini?"

"Vya Jumatano."

"Jumatano ipi? Sisi Jumatano tulikuwa tunapalilia."

"Jumatano ijayo," nikasema. "Niliagizwa nitangaze Alhamisi, baada yake. Lakini uzee, bibi. Siku zimenichanganya."

Bi Sijaona alinitazama. Hakunishukuru, wala sikuona sababu ya kunishukuru. Maharage yaliyokuwa mapajani mwake aliyamimina kwenye ungo, akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Haya," akawaambia watu wake, "tuvune kabla hatujashindwa."

Wakaingia shambani wote, wakivunja mahindi, makavu na mabichi. Sikuzani akanitupia gunia tupu. Nikaweka pembe chini, nikalishika mdomo.